Panya Watatu Wenye Mstari Mwekundu

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwaga mkojo wa mtu. Nilikuwa mhudumu wa maabara katika hospitali moja hapa Mtwara mjini, kijana kutoka kijiji cha Ziwani mwenye viatu vya kuazima, na kazi yangu ilikuwa kuosha chupa na kufikisha sampuli mezani. Chupa ikaniponyoka. Nilifuta sakafu haraka haraka, kisha nikasimama na tambara mkononi nikiwaza kuchota maji ya bomba na kuyatia rangi ya chai kidogo, Mungu anisamehe. Hapo ndipo Bwana Maabara alipotokea mlangoni. Hivyo ndivyo tulivyomwita mkuu wa kitengo, na sikumbuki kama kuna aliyethubutu kumwita kwa jina.

"Kimemwagika nini?"

"Mkojo, Bwana."

"Wa nani?"

Nikamsomea jina kwenye kibandiko. Hakufoka. Alifungua rejista, lile daftari kubwa ambalo kila sampuli huandikwa ikiingia na majibu yake huandikwa yakitoka, akanipa kalamu.

"Andika 'imemwagika', uweke na jina lako. Halafu nenda kamwombe mgonjwa akupe mwingine."

Mgonjwa alinicheka, akanipa mwingine, na mambo yakaisha. Nimeanza na kisa hiki makusudi, ili ninyi vijana mnaoingia maabara leo mjue kwamba nilifundishwa mapema. Siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Baada ya miaka michache nilipelekwa zahanati moja karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Huko nilisoma vipimo vya malaria. Unachukua tone la damu kidoleni, unalipaka kwenye slaidi, yaani kipande chembamba cha kioo, unalitia dawa ya rangi, kisha unatafuta vimelea kwa hadubini mpaka shingo inakauka. Wagonjwa wengi walivuka mpaka kutoka upande wa pili wa mto. Walisema Kimakonde kama changu, ila walipotaja sabuni au meza walitumia maneno ya Kireno. Mganga Mfawidhi alikuwa mama mmoja mkavu sana. Kila jioni alichomoa slaidi chache nilizokwisha kuzisoma, akazisoma upya bila kutazama nilichoandika. Siku moja nilinuna, akaniona.

"Sikushuku wewe, Saidi. Nashuku macho yako. Hata yangu nayashuku."

Kwake nilijifunza subira. Alinipeleka chuoni, nikarudi fundi sanifu wa maabara mwenye cheti, na nikahamishiwa kituo cha utafiti pembeni mwa mji, upande wa Mtawanya. Sitakitaja jina. Huko ndiko nilikomalizia utumishi wangu, na huko ndiko kulikotokea jambo linalonifanya niandike.

Nilikabidhiwa nyumba ya wanyama. Ilikuwa na vyumba viwili: kimoja cha kuzalishia panya weupe, kingine cha wale walio kwenye majaribio. Mkuu wa Kituo alikuwa daktari wa mifugo kutoka bara, msomi kwelikweli na mtu wa mizaha. Siku nilipokabidhiwa funguo alisema mbele ya wafanyakazi wote, "Bwana Saidi, leo tumekukabidhi stoo ya mboga. Usitumalizie!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Msomaji asiyetoka kwetu nimweleze. Sisi Wamakonde wengi tumekua tunakula panya wa shambani, tunawaita samaki nchanga. Wanachimbwa baada ya mavuno, wanabanikwa, na ukiwapata na ugali wa muhogo huulizi kitu kingine. Nilipokuwa mtoto Ziwani niliwapenda kuliko kuku. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuliandika hilo, na nimelikataa kwa mdomo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Hakuna Mmakonde ambaye angemgusa panya mweupe wa kizimbani, aliyelishwa chakula cha kiwandani na kuchomwa sindano. Lakini nani angetaka kusikia maelezo hayo? Mkuu angekuwa mtu wa kabila tunalotaniana nalo, ningemrudishia utani wake palepale tukamalizana. Hakuwa mtani wangu, alikuwa mkubwa wangu wa kazi, na mkubwa hajibiwi. Basi kila asubuhi akipita ananiuliza, "Wametimia?" nami najibu, "Wametimia, Mkuu," huku nachekelea kama mjinga.

Nilijenga fahari yangu juu ya jibu hilo. Nilihesabu panya asubuhi na jioni bila kutumwa. Miaka ikapita, hakupotea hata mmoja.

Ndipo akaja Tumaini. Alikuwa binti wa mfanyakazi wa bandari, wazazi wake walihamia huku kikazi kutoka Mbeya na yeye akakulia hapa hapa Mtwara. Alikuja kufanya utafiti wa shahada yake ya pili, mwembamba, mpole, mwenye daftari la jalada gumu ambalo hakuliacha hata akienda kunywa chai. Kila mtu pale aliniita Bwana Saidi. Yeye aliniita baba.

Utafiti wake nitaueleza kwa lugha nyepesi kadiri niwezavyo. Misuli ikifanya kazi ngumu kuliko pumzi inavyoweza kuihudumia, hutoa kitu kinachoitwa laktati, ambacho huingia kwenye damu. Mtu asiyezoea akikimbia kidogo tu, laktati yake hupanda upesi na hafiki mbali. Lakini ukiuzoeza mwili kwa mazoezi ya pumzi, yale ya taratibu yanayochukua muda mrefu, misuli hujifunza kuitumia hewa vizuri zaidi, na laktati ile ile huichoma kama kuni. Kwa kazi ile ile, damu ya aliyezoezwa huwa na laktati kidogo, naye hustahimili muda mrefu. Tumaini alitaka kuona hayo kwa panya wetu, katika joto letu la pwani.

Tulikuwa na mashine ya mkanda ya kukimbizia panya, lakini umeme ukikatika panya anasimama na zoezi linaharibika. Tukaamua kuwaogelesha. Tulikata tenki la plastiki nusu, nikawa napasha maji kwa jiko la mkaa mpaka yawe vuguvugu, maana maji baridi humchosha panya kabla ya kazi. Panya kumi walikuwa wa mazoezi. Hao niliwachora mstari mwekundu mkiani kwa kalamu ya wino mzito, na namba pembeni. Wengine kumi walikuwa kundi linganishi, yaani wale wanaokaa bila zoezi ili tupate wa kuwafananisha nao. Hao walichorwa mstari mweusi. Tumaini alisisitiza nao waloweshwe kila siku kwenye maji ya kina kifupi, ili tofauti pekee iwe ni kuogelea, isiwe kulowa.

Tulianza na dakika chache tukaongeza wiki kwa wiki. Wale wenye mstari mwekundu walibadilika mbele ya macho yangu. Mwanzoni walitapatapa na kukwangua ukuta wa tenki, baadaye wakawa wanapiga maji kwa utulivu, pua juu. Nilianza kuwapenda, jambo ambalo fundi wa nyumba ya wanyama hashauriwi. Baada ya kuogelea niliwafuta kwa taulo, nikawaweka kwenye kizimba cha kukaushia barazani, penye jua.

Ijumaa ya wiki ya saba, ikiwa imebaki moja, nilichelewa kumaliza. Adhana ilikwisha pita. Niliweka kizimba barazani, nikanawa, nikakimbilia msikitini. Niliporudi, mlango wa kizimba ulikuwa wazi kidogo, upana wa vidole viwili. Sikuwa nimeshusha komeo. Panya saba walikuwa wamelala wamekumbatiana. Namba saba, namba nane na namba kumi hawakuwapo.

Nilitafuta chini ya makabati, kwenye mfereji, kwenye dari. Nilitambaa mpaka kanzu ikachanika gotini. Na wakati wote huo sikuwa nikiwaza utafiti wa Tumaini hata kidogo, nilikuwa nikisikia sauti moja tu kichwani: "Umewapika na nini, Bwana Saidi?"

Nilikwenda nyumbani Rahaleo kula mchana, nikamweleza mke wangu.

"Kasema nani umewala?" akauliza.

"Hawajasema. Watasema."

"Na wakisema? Kwani ntu akila panya kaiba? Baba Fatuma, nenda kaseme wametoroka. Panya ana miguu."

Alikuwa sahihi kabisa. Upotevu wa panya watatu ungeandikwa kwenye ripoti kwa mstari mmoja, na saba waliobaki wangetosha. Nilirudi kituoni nikiwa nimeamua kusema. Getini nikakutana na Mkuu anatoka.

"Wametimia?"

"Wametimia, Mkuu."

Lilitoka lenyewe, kwa mazoea. Baada ya hapo niliingia chumba cha kuzalishia, nikachagua panya watatu wa uzito ule ule, nikawachora mstari mwekundu mkiani, nikaandika saba, nane na kumi. Mkono wangu haukutetemeka. Nasikia aibu kuliandika hilo kuliko yote, kwamba mkono haukutetemeka.

Jumatatu wale wapya walipoingia majini walitapatapa kama siku ya kwanza. Tumaini alikuwa amesimama karibu.

"Baba, hawa wana nini leo?"

"Joto, mwanangu."

Wiki iliyofuata ikawa ya vipimo. Panya huogelea muda uliopangwa, kisha unachukua tone la damu ncha ya mkia na kuliweka kwenye kipande cha kipimo, kama wanavyopima watu wa kisukari, na kimashine kinasoma laktati. Siku nyingine anafungwa kizito kidogo mkiani na kuogelea mpaka achoke, unaandika muda, unamtoa upesi. Wale saba wa mwanzo walifanya kama vitabu vinavyosema: damu tulivu, pumzi ndefu. Namba saba, nane na kumi walichoka mapema kama wale wa mstari mweusi, na laktati yao ikawa juu vilevile.

Tumaini alipima tena. Akafungua boksi jipya la vipimo, akapima tena. Akaazima kimashine kingine, akapima tena. Nilikuwa nimemshikia panya katika vipimo vyote hivyo. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, na kila mara alinitazama akitikisa kichwa, akasema, "Sielewi, baba. Nakosea wapi?"

Mkuu alituita ofisini. Alikuwa na karatasi za matokeo mezani.

"Panya saba wamezoezeka, watatu hawakuzoezeka. Maji yale yale, muda ule ule. Binti, umechanganya sampuli."

"Sikuchanganya, Mkuu. Nimerudia mara tatu."

"Basi umekosea mara tatu." Akanigeukia. "Bwana Saidi, hawa ni wale wale wa tangu mwanzo?"

"Ndio, Mkuu."

"Hakuna aliyepotea?"

"Hakuna."

"Maana kama yupo, nitakuuliza umemla na nini!"

Alicheka, katibu wake aliyekuwa akiandika pembeni akacheka, nami nikacheka. Tumaini hakucheka. Alisema, kwa sauti ya chini lakini bila woga, "Mkuu, naomba tusimtanie baba hivyo. Kama kuna mtu mwaminifu hapa kituoni, ni yeye."

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa watu wanne tu. Nilitazama viatu vyangu.

Mkuu aliandika kwamba mtafiti hana mkono wa maabara. Kazi ikarudiwa na mtu mwingine, kwa panya wapya, matokeo yakatoka safi kama yalivyotakiwa. Nafasi ya Tumaini pale kituoni ikaenda kwa huyo. Siku anaondoka alikuja nyumba ya wanyama kuniaga. Alinishukuru kwa kumvumilia, akasema amekubali, huenda kweli mikono yake si ya kazi hii. Nilimwambia Mungu atamfungulia. Mdomo wangu huu ndio uliosema hivyo.

Nilistaafu miaka kadhaa baadaye. Kulikuwa na pilau na soda, na Mkuu, ambaye naye alikuwa amezeeka, alisoma cheti changu kwa sauti: mtumishi ambaye katika utumishi wake wote hakupoteza mnyama hata mmoja. Wakapiga makofi. Nilipewa na saa ya ukutani. Saa niliitundika. Cheti nilikiweka chini ya godoro, mke wangu akakiona, hakuniuliza.

Mstaafu ana muda mwingi wa kujisikiliza. Nimewahi kujiambia kwamba Mkuu ndiye mwenye kosa kwa mizaha yake, na ni kweli alikosea. Lakini yeye hakunishika mkono nichore ile mistari. Nilionea haya chakula cha nyumbani kwetu, chakula ambacho mama yangu alinilisha, na ili nisichekwe kwa hilo nikamwacha mtoto wa mwenzangu abebe jina baya. Ninyi mnaoanza kazi, mtataniwa kwa mengi. Mtataniwa kwa kabila, kwa shule mliyosoma, kwa lafudhi. Chekeni mkitaka, au kasirikeni. Ila rejista muiache nje ya utani huo.

Mwaka huu mjukuu wangu, Zuhura, ameingia kidato cha tatu katika shule moja ya huko Mtawanya. Jioni moja alikuwa anatusimulia bibi yake na mimi habari za mwalimu wao wa Baiolojia, ambaye wanampenda sana.

"Ila ana kituko kimoja, babu. Akipima kitu chochote, hata maji tu, lazima amwite mwanafunzi apime tena. Anasema mkono wake hauaminiki, aliambiwa na wakubwa zamani."

"Anaitwa nani?"

"Mwalimu Tumaini."

Mke wangu aliweka bakuli chini, akanitazama. 

Jumamosi asubuhi nilikwenda nyumbani kwake, Zuhura alinielekeza. Alikuwa amekaa barazani kwake anasahihisha mitihani, amenenepa kidogo, amevaa miwani. Alinitambua kabla sijabisha hodi.

"Baba Saidi! Shikamoo. Karibu, karibu kiti."

"Marahaba, mwanangu." Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza kuuliza habari za watoto. "Nimekuja kusema jambo. Wale panya. Saba, nane na kumi. Walitoroka Ijumaa ya wiki ya saba, sikufunga kizimba. Wale uliowapima hawakuwa wao. Niliwachukua chumba cha kuzalishia, nikawachora mimi."

Aliweka kalamu chini. Jirani alikuwa akitwanga.

"Hawakuwa wamezoezwa," akasema.

"Hawakuwa wamewahi kuogelea kabla ya wiki ile ya mwisho ya mazoezi."

"Kwa hiyo damu ilikuwa inasema kweli."

"Ilikuwa inasema kweli. Mliokuwa mnasema kweli mle ndani ni wewe na wale panya."

"Kwa nini, baba?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya stoo ya mboga, ya samaki nchanga, ya jibu la "wametimia". Nilipoyasema kwa sauti, mbele ya mtu mzima mwenye miwani, yalikuwa mambo madogo mno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia umewala," akasema, "ningekuuliza tu kama walikuwa watamu, tukaendelea na wale saba waliobaki."

Hakusema kwa utani wala kwa hasira. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na lile daftari la jalada gumu. Kurasa zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Alifunua pale pale bila kutafuta, akaniwekea mbele: namba saba, nane na kumi, kila moja na vipimo vitatu vinavyolingana. Pembeni, kwa mwandiko wake wa ujana, alikuwa ameandika: kosa langu, sijui wapi.

Akanipa kalamu nyekundu ya kusahihishia mitihani.

Nilikaa ndipo nikaandika. Hawa si wale wa mwanzo. Nilipoteza watatu nikaweka wengine. Vipimo ni sahihi. Nikaweka jina langu, kama nilivyoambiwa siku ile ya mkojo. Safari hii mwandiko ulitoka wa mtoto.

Alisoma mara moja, akafunga daftari. Nilimwomba radhi. Alisema amesikia. Hakusema amenisamehe, na sikuwa na uso wa kumuuliza. Alinisindikiza mpaka barabarani kama mgeni yeyote, akasimama pale mpaka nilipopata bodaboda.

Jumatatu Zuhura alirudi shule, akavua viatu, akakaa kula. Nilimuuliza kama walikuwa na Baiolojia.

"Tulikuwa nayo, babu. Mwalimu kapima maji, mi nikainuka niende kurudia maana leo ilikuwa zamu yangu. Akaniambia, 'Kaa.'"

"Halafu?"

"Akaandika jibu ubaoni. Kisha akasimama anautazama mkono wake. Tukadhani kajikata."